Namna Mguu Wangu Ulivyolaza Ukoo Mzima Sakafuni

Leo nimejianika. Nasema mwenyewe, mapema, hapa kwenye groupe yetu, kabla Tonton Bosco hajaitembeza habari hii mtaa wetu wote wa Kabondo. Someni polepole. Anayetaka kucheka acheke amefunga mdomo, maana sina nguvu ya kusikia.

Mguu wangu mnaujua. Kwa wasioujua: mwezi wa tatu sasa nina siyatiki. Ni mshipa. Unaanzia kiunoni, unapita kwenye tako la kushoto, unashuka nyuma ya paja mpaka kidole gumba. Ukikasirika ni kama mtu amekupitishia waya ya umeme. (Nyumbani kwetu umeme unakuja kama mgeni. Mguu wangu unao saa zote.)

Niliupata kwenye toleka, baiskeli yangu ya kubebea watu. Mama mmoja alisimama na magunia mawili ya mahindi akaniuliza, "Mutoto, utaweza?" Nikaangalia baiskeli. Nikamwangalia mama. Nikaangalia magunia. Nikasema, "Mama, panda tu." Ndivyo nilivyo. Mtu akiniuliza kama naweza kubeba mto Congo, nitauliza tunaupeleka wapi. Shimo la kwanza, mgongo ukalia ko!

Nyumbani wakanichanja. Wakanipaka pilipili mahali ambapo pilipili haikuumbwa kwenda. Hakuna kitu. Ni Neema aliyenikokota mpaka kwa mama wa kiné, yule anayenyoosha watu viungo. Ni mama mfupi, mikono yake kama koleo. Hana mashine nyingi. Ana kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, anakufunga nacho mguu uvute. (Tairi lenyewe langu. Lilinivunja, sasa linaniponya. Dunia!) Alinipa sheria, nikaapa kuzishika.

"Usikae kwa kiti kupita dakika makumi mbili. Na maumivu ikishuka mpaka kwa vidole, usingoje. Lala kwa tumbo, palepale uko. Viwiko chini, kifua juu, pumua mara kumi."

"Mama, hata kama niko sokoni?"

"Hata kama uko mbele ya gavana. Gavana naye iko na mugongo."

Basi. Neema ni mchumba wangu. Yaani, alikuwa anakaribia kuwa. Yaani, endeleeni kusoma.

Familia yao walitoka Kivu, mwaka jana, vita ilipowafikia. Baba yake, Papa Kasereka, kule alikuwa na depo tatu za maharagwe. Wamefika hapa na gari moja, na nyanya yao, tunamwita Koko, amebanwa katikati ya mabegi. Sasa Papa Kasereka ana depo moja ndogo sokoni na neno moja kubwa: "Mwanaume ni mugongo." Analisema akiwaangalia wabebaji wanaoshusha magunia. Alishamwambia Neema kwamba atakayemchukua binti yake atabeba kwanza gunia la maharagwe kutoka kwenye lori mpaka ndani, bila kupumzika. Alicheka akisema hivyo. Lakini mimi niliona hakucheka kwa macho.

Na Koko. Niwaambie habari ya Koko. Tangu walipotoka kwao, Koko hakuvua viatu. Raba za buluu, kamba zimefungwa mara mbili. Analala nazo. Anasali rozari nazo kitandani, miguu imetoka nje ya blanketi kama ya mtu anayengoja gari. Wanamwambia, "Koko, huku ni Kisangani, vita haifiki, vua." Anajibu, "Viatu inanijua." Wiki mbili zilizopita Neema alinijia mbio, anacheka na kulia pamoja. "Trésor! Koko amevua! Mwenyewe! Ameziweka chini ya kitanda!" Papa Kasereka siku hiyo alichinja kuku.

Ndiyo hapo tuliamua: Papa ana furaha, twende sasa.

Mnajua desturi. Kijana anakwenda na mzee wa kumsemea, na casier, kreti ya vinywaji. Casier inawekwa katikati ya sebule, haiguswi. Watu wanasema, wanasema. Mwishoni baba wa binti akichukua chupa moja akaifungua, umekubaliwa. Akisema "mutarudi na vinywaji yenu", mnabeba, mnakwenda kunywa njiani pamoja na machozi.

Neema aliniambia wiki nzima, "Mwambie Papa habari ya mguu. Mwambie mbele."

"Nitamwambia akishafungua chupa."

"Trésor."

"Akishafungua tu! Chupa haizibwi tena."

(Nilijiona mwerevu. Naomba mkumbuke hilo.)

Leo, baada ya misa, tukaenda. Mimi na koti la Tonton Bosco, ndugu mdogo wa baba yangu, aliyekubali kunisemea. Casier tuliifunga nyuma ya toleka, nikaisukuma kwa mkono njia yote, sikupanda, nisiuamshe mshipa. Nilitembea wima kama mtumishi wa altare. Nikafika mzima. Neema akafungua mlango, amevaa kitenge cha njano, nikasahau kwamba nina miguu.

Kisha wakanipa kiti cha heshima.

Ndugu zangu. Kile kiti! Fotei ya kadife nyekundu, waliinunua kwa mtu, springi zake zilishakufa zamani. Nilikaa. Nikaendelea kukaa. Nikafika chini. Magoti yalikuwa juu ya mabega. Mbele yangu Papa Kasereka, mikono juu ya tumbo. Pembeni mama yake Neema, na wajomba wawili, na watoto wamejipanga mlangoni kama kwenye picha. Koko alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, miguu mitupu. Vidole vyake vimekunjana, vyeupe kidogo, kama vya mtoto aliyetoka kuoga. Niliviangalia vile vidole nikafurahi sana. Saa ya ukutani ilisema saa sita kamili.

Tonton Bosco akasimama kusema. Nilimwomba aseme kwa ufupi. Alianza na babu yake.

"Papa Kasereka, kijana huyu si wa kuokota barabarani. Babu yetu kule Banalia alikuwa mutu wa nyavu..."

Akavua samaki wote wa mto Aruwimi mmoja mmoja. Saa sita na dakika kumi alikuwa bado hajafika kwenye ndoa ya babu. Mimi natabasamu. Nikajipeleka kwenye ndoto zangu, kama kawaida yangu: mgahawa wangu pembeni ya mto, taa za rangi, samaki wa kuchoma, jina langu juu, Neema anapokea wageni. Nikaanza kuhesabu taa. Dakika kumi na tano. Tako likaniambia: Trésor, niko hapa. Dakika makumi mbili. Paja. Tonton Bosco akasema, "Alors, tuingie sasa kwa baba yake mutoto."

Dakika makumi mbili na tano. Shavu la mguu. Jasho. Neema akaniangalia, akainua nyusi. Nikamtolea meno.

Halafu Tonton Bosco akamaliza! Aliketi! Papa Kasereka akakohoa, akasema, "Bon. Tumesikia." Akainama mbele. Akanyoosha mkono kwenye casier. Akachagua chupa. Akaigeuza, akaiangalia kama mtu anayesoma kitambulisho, kisha akageuka kwa mke wake: "Mama Neema, leta kifungulio."

Mama Neema akaenda jikoni.

Na mshipa ukashuka mpaka kidole gumba.

Niliwaza: dakika moja tu. Nikawaza: nivumilie kwa ajili ya taa za rangi. Lakini mwili hauna ndoto, mwili una sheria tu. Mguu ulirusha moto, macho yakaona nyota, na sauti ya mama wa kiné ikasema masikioni mwangu, palepale uko! Nikajirusha. Kutoka kwenye fotei ile, sijui niliipataje nguvu, nikaruka kama chura na kulala kifudifudi katikati ya sebule, viwiko chini, kifua juu.

Sasa hapa niseme jambo ambalo sikuliwaza hata mara moja, na ninyi nyote mngeliwaza.

Sisi wa Kisangani tumelelewa na mama zetu kwa neno moja: lala kwanza, uliza kisha. Tonton Bosco alikuwa kijana vita ilipopita hapa mjini, na mpaka leo gurudumu likipasuka anainama. Na wale wa Kivu, hao hawahitaji kufundishwa na mtu. Chumba chenye watu wa namna hiyo, mmoja akijirusha chini ghafla na uso wa kufa, nani atauliza anaumwa wapi?

Wote wakalala.

Wote! Kwa mara moja, bila kelele, kama waliofanya mazoezi. Wajomba wakatoweka nyuma ya fotei. Mama Neema alikuwa anatoka jikoni na kifungulio, akajitupa juu ya watoto wote wanne kama kuku juu ya vifaranga. Papa Kasereka (mwanaume ni mugongo) alikuwa chini kabla yangu, nadhani, na mimi ndiye niliyeanza. Na Tonton Bosco, katika kuanguka, akaipiga casier teke.

Pa! Pa-pa!

Chupa tatu. Povu mpaka ukutani. Sasa hata aliyekuwa na shaka akawa hana. Nje nikasikia mama anayekaanga ndizi za makemba anapiga kelele "Yesu!", sufuria ikaanguka, mlango wa jirani ukafungwa, mwingine, mwingine, mpaka mwisho wa avenue.

Kisha kimya.

Tukiwa tumelala hivyo, uso wa Papa Kasereka uko karibu na uso wangu, akanong'ona, "Upande gani?"

Tonton Bosco, kutoka chini ya meza, akajibu kwa sauti ya mtaalamu: "Simi-Simi. Hiyo inatoka kwa kiwanja ya zamani ya ndege."

"Hapana," mjomba mmoja akasema nyuma ya fotei, "ilikuwa karibu. Ni ng'ambo ya mto."

"Ng'ambo si karibu!"

"Kwa masikio yangu ni karibu!"

"Mimi nilizaliwa hapa, unanifundisha pande za hapa?"

Wakabishana pande za dunia kwa kunong'ona, na mimi nimelala katikati, najua upande. Ni upande wa kushoto. Ni tako.

Na sasa nawaambia kitu ambacho sijamwambia hata Tonton Bosco. Nilipaswa kusema palepale. Neno moja tu. Lakini nikawaza: nikisema, siri ya mgongo imetoka, na chupa bado haijafunguliwa. Nikawaza: labda watainuka wenyewe, waseme haikuwa kitu, na kila mtu arudi kwenye kiti. Nikanyamaza. Nikapumua. Moja. Mbili. Ubaya wake, dawa ilikuwa inafanya kazi! Moto ulipanda kutoka kidoleni kwenda kwenye shavu la mguu, kutoka hapo kwenda kwenye paja, unarudi nyumbani polepole. Watoto wanalia chini ya mama yao, na mimi mguu unapoa. Sijawahi kupata nafuu chungu namna ile.

Neema akatambaa mpaka kwangu. Aliuangalia mkao wangu, viwiko, kifua, kidevu juu. Mkao ule anaujua, kwa kiné anakuja kunisubiri.

"Trésor. Ni muguu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akafumba macho. Kisha akasema kwa meno, "Sema."

"Ngoja kidogo."

"Sema, ao miye naseme."

Pumzi ya sita. Hapo tukasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Koko alikuwa ametoka kwenye mkeka, ametambaa mpaka chumbani, na sasa anarudi. Anavuta begi. Lilikuwa limeshafungwa, zipu, kamba, blanketi imekunjwa juu, sufuria ndogo imening'inia. Halikufungwa leo. Limekaa chini ya kitanda hivyo siku zote, hata baada ya kuku kuchinjwa. Na miguuni amevaa zile raba. Alizivaa lini, sijui. Kamba mara mbili.

Akakaa juu ya begi, akamwangalia mtoto wake aliyelala sakafuni na chupa mkononi.

"Kasereka," akasema. "Ulisema huku haifiki."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha. "Sasa tunaenda wapi? Mbele ni pori. Mimi nimechoka kutembea, mutoto yangu."

Papa Kasereka aligeuza uso. Mtu mzima yule, aliuficha kwenye mkono.

Nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa mno, maana ilikuwa imekaa ndani muda mrefu.

"Papa! Hakuna vita! Ni tako yangu!"

Vichwa vikainuka sakafuni. Vyote vikanigeukia.

"Ni nini?" akauliza Papa Kasereka.

"Tako, Papa. Ya kushoto. Iko na mushipa. Kiné alisema ikishuka kwa vidole nilale."

Watu walianza kuinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mjomba mmoja alipangusa suruali kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo. Wa mwisho kuinuka nilikuwa mimi, maana kiné amekataza kuinuka kwa haraka: unageukia ubavu, unakunja goti, unasukuma kwa mkono. Nililifanya zoezi lote hilo mbele ya ukoo wa mke wangu mtarajiwa, hatua kwa hatua, na mtoto mmoja akawa ananihesabia.

Papa Kasereka akatoka mlangoni kuwaambia majirani. Nilimsikia: "Si kitu! Rudini! Ni mukwe wangu tu..." Akajisahihisha. "Hapana, si mukwe wangu. Ni kijana moja iko na mugongo."

Alivyorudi, Tonton Bosco, asiyejua wakati wa kunyamaza, akaonyesha ile chupa. Ilikuwa bado mkononi mwa Papa Kasereka, shingo imevunjika kwenye sementi, kinywaji kinatiririka kwenye mkono wa shati. "Papa," akasema Tonton Bosco kwa sauti tamu, "desturi ni desturi. Uliichukua kwa mukono yako. Na tazama, imefunguka."

Papa Kasereka akaangalia chupa. "Imefunguliwa na sakafu," akasema. "Basi mutoto yako aoe sakafu."

Wajomba wakacheka. Neema pia alicheka, kidogo, akiwa ameniangalia pembeni. Hata mimi. Koko hakucheka.

Nilimwendea. Kuinama siwezi, kwa hiyo nilishuka kwa magoti, mgongo wima, kama kiné alivyonifundisha kuokota vitu. Nikasema, "Koko, pole. Ni kosa yangu. Hakuna kitu nje. Nikuvue?" Nikagusa kamba. Akanipiga mkono, si kwa nguvu, kama unavyomfukuza nzi.

"Wacha. Viatu inanijua."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika hasa. Si kwenye tako.

Papa Kasereka alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Nilimwona anashika ukuta, anajinyoosha, anagumia. Akaona kwamba nimeona.

"Mugongo nitakusamehe," akasema. "Mugongo ni kitu ya kila mutu." Akakung'uta mkono wa shati uliolowa. "Lakini tulikuwa chini bote. Mama yangu anavuta begi. Na weye ulijua."

"Ndiyo, Papa."

"Ulijua tangu mwanzo."

"Ndiyo, Papa."

Akaweka casier nyuma ya toleka kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa nyepesi sasa, akaifunga na mpira. Alifunga vizuri. "Siku Koko atavua viatu," akasema, "lete ingine. Mbele ya ile siku, usinisumbue."

Sasa niko nyumbani. Nimelala kwa tumbo, viwiko chini, kifua juu, ndivyo ninavyowaandikia. Mguu uko salama kabisa. (Asante, mguu.) Kesho ninarudi kwa kiné, na nitamwambia aongeze sheria moja: kabla ya kulala, mtu aseme kwanza anaumwa nini. Na nikirudi siku moja kuomba mke, siri yangu itafunguka kabla ya chupa.

Neema ameandika sasa hivi. Neno "pole" hakuliandika. Ameandika: "Koko ameketi kitandani. Amelegeza kamba moja. Ya kushoto."

Kwa hiyo nawaomba, msicheke, angalau msicheke kwa nguvu. Na yeyote atakayepasua hata puto Kabondo wiki hii, nitamfuata mpaka kwao. Nitaenda kwa tumbo.